Kabla ya Ukurasa: Mhariri wa Ushairi Gazetini na Tatizo la Ushahidi katika Uhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umelitegemea gazeti kwa muda mrefu. Tangu Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mjini Dar es Salaam mnamo Januari 1923, hadi kurasa za mashairi za Taifa Leo nchini Kenya, gazeti limekuwa uwanja ambamo malenga mashuhuri na wasiojulikana wamekutana, wakasalimiana, wakategeana mafumbo na kulumbana. Haishangazi basi kwamba mhakiki anayetaka kujua watu wa kawaida wanatunga nini, na kwa namna gani, huelekea kwenye majalada ya magazeti. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kila shairi lililomo katika majalada hayo lilikwisha kusomwa, kupimwa na kupitishwa kwenye meza ya mhariri kabla ya msomaji wa kwanza kuliona.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa upitishaji huo wa awali ni sehemu ya historia ya utanzu wenyewe. Inahojiwa kwamba mhakiki asiyeuzingatia huzichukua kanuni za mhariri akadhani ni ladha ya umma, na kwamba kosa hili limeathiri namna mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ulivyojadiliwa. Aidha, makala yanapendekeza njia ambazo mkono wa mhariri unaweza kutambuliwa ndani ya matini yaliyochapishwa.

Milango mitatu ya idhini

Maandishi ya Kiswahili yamepitia milango ya aina mbalimbali kabla ya kumfikia msomaji, na ni muhimu aina hizo zitofautishwe. Mlango wa kwanza ni ule wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka wa 1930 ili kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Pamoja na kazi ya kusanifisha lugha kwa kuegemea lahaja ya Kiunguja, Kamati hii ilisoma miswada ya vitabu, hasa vya shule, na kutoa idhini yake kwa ile iliyoridhika na Kiswahili chake. Idhini hiyo ilikuwa ya wazi. Msomaji aliyeiona kwenye kitabu alijua kuwa matini aliyoshika yalikuwa yamekaguliwa, na alijua ni nani aliyeyakagua. Mhakiki wa leo anaweza kukubaliana au kutokubaliana na vigezo vya Kamati, lakini hawezi kudai kuwa hakuambiwa.

Mlango wa pili ni wa leseni ya maonyesho. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Kenya (Sura ya 222), serikali ilijipatia uwezo wa kuamua ni mchezo upi utakaoonyeshwa hadharani. Historia ya mlango huu inajulikana sana. Mnamo Novemba 1977, leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, uliokuwa ukionyeshwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, ilifutwa; mwishoni mwa Disemba mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini. Mwaka wa 1982 jumba la maonyesho la Kamirithu lilibomolewa. Mchezo wa Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa mwaka wa 2013 na kuruhusiwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Mnamo Aprili 2025, mchezo wa Echoes of War wa shule iyo hiyo ulizua mvutano kama huo mjini Nakuru, na mabomu ya kutoa machozi yakatumika. Katika kila tukio, kukatazwa kulikuwa na tarehe, barua, kesi na mashahidi. Mchezo uliokatazwa uliingia katika historia kwa sababu ya kukatazwa kwake.

Jambo hili linadhihirika zaidi katika Uingereza, nchi iliyoitawala Kenya. Huko, michezo ya kuigiza ilihitaji kibali cha afisa wa kasri ya kifalme aitwaye Lord Chamberlain tangu mwaka wa 1737 hadi utaratibu huo ulipoondolewa mwaka wa 1968. Kwa kuwa kila mswada ulipaswa kuwasilishwa kabla ya kuonyeshwa, ofisi hiyo ilirundika hazina kubwa ya maandishi. Miswada ya kuanzia 1824 hadi 1968 imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza jijini London, ikiwamo michezo iliyonyimwa kibali. Kinaya kilichopo ni kwamba chombo kilichokusudiwa kunyamazisha kimewaachia wahakiki kumbukumbu ya kile kilichonyamazishwa.

Mlango wa tatu ni meza ya mhariri wa ukurasa wa mashairi. Mlango huu hauna muhuri kama ule wa Kamati, wala hauna jalada la kesi kama ule wa leseni. Barua huwasili, husomwa, na ama huchapishwa ama huishia kapuni. Mtunzi aliyekataliwa husubiri wiki kadhaa akitazama gazeti, kisha hukata tamaa au hujaribu tena. Hapati sababu, na msomaji hajui kuwa kulikuwa na kitu cha kusomwa. Kwa sababu ya upole wake, mlango huu ndio uliosahauliwa na uhakiki, ilhali ndio uliopitisha mashairi mengi zaidi kuliko milango mingine yote.

Mhariri ndani ya shairi

Ijapokuwa uhakiki umemsahau mhariri, mashairi yenyewe hayakumsahau. Yeyote aliyezoea kurasa hizi anaitambua desturi ya ubeti wa kwanza kumwelekea mhariri: mtunzi humsalimu, humwomba nafasi japo ndogo, na mara nyingine humsihi asimtupe. Baada ya hapo ndipo mtunzi huwageukia malenga wenzake na kulitoa alilo nalo. Ubeti wa mwisho, ule wa kaditama, hutaja jina au lakabu ya mtunzi na mahali anakotoka.

Desturi hii imechukuliwa na wasomaji wengi kuwa adabu tu. Hata hivyo, ikilinganishwa na tenzi za kale, inaonekana kuwa na uzito zaidi. Tenzi nyingi hufunguliwa kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kisha mtunzi huagiza wino, karatasi na kalamu vitayarishwe. Katika ufunguzi huo, mtunzi huomba uwezo wa kusema kutoka kwa Muumba wake na huomba vifaa kutoka kwa aliye karibu naye. Haombi ruhusa ya kusikika. Hadhira anaihesabu kuwa yake. Katika shairi la gazeti, nafasi ya dua imechukuliwa, au angalau imefuatwa, na ombi kwa mwenye ukurasa. Mabadiliko haya ya nafsi inayoombwa ni mabadiliko ya kifani yaliyoletwa na mfumo wa uchapishaji, na yanastahili kuchunguzwa kama inavyochunguzwa kubadilika kwa bahari yoyote ya ushairi.

Ni wazi pia kuwa ombi hili limefanya kazi ya kujidhibiti. Mtunzi anayeanza kwa kumbembeleza mhariri amekwisha kumweka mhariri huyo mbele ya macho yake wakati wote wa kutunga. Anajua kuwa shairi refu mno litakatwa, kwamba kina kilichopotoka kitaonekana, na kwamba neno kali dhidi ya mkubwa litamtia mashakani yeye na gazeti. Kwa hivyo sehemu kubwa ya upitishaji hufanyika nyumbani kwa mtunzi, kabla bahasha haijafungwa. Huu ndio udhibiti ulio mgumu zaidi kuuhakiki, kwa kuwa hauachi hata karatasi iliyotupwa.

Mgogoro wa ushairi na ushahidi wake

Athari ya jambo hili inaonekana vizuri katika mgogoro wa ushairi ulioshika kasi katika miaka ya sabini. Upande mmoja walikuwako wanamapokeo walioshikilia kuwa shairi la Kiswahili halina budi kuwa na vina, mizani na ukomo wa beti, kwa mujibu wa kanuni zilizokwisha kuandikwa na Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Upande wa pili walikuwako wanamabadiliko kama Euphrase Kezilahabi, ambaye Kichomi yake ilichapishwa jijini Nairobi mwaka wa 1974, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walioitoa Malenga wa Bara mwaka wa 1976. Nchini Kenya, ushairi huru ulipata watetezi kwa vitendo katika diwani kama Chembe cha Moyo ya Alamin Mazrui (1988) na Mchezo wa Karata ya Kithaka wa Mberia (1997).

Mojawapo ya hoja zilizotumiwa dhidi ya ushairi huru ni hoja ya umma. Ilidaiwa kuwa mashairi yasiyo na arudhi ni zao la wasomi wa vyuo vikuu walioathiriwa na ushairi wa Kizungu, na kwamba wananchi wenyewe hawayataki. Ushahidi uliotolewa ni magazeti: wiki baada ya wiki, watu wa kila tabaka, walimu, makarani, wakulima na wafungwa, walituma mashairi ya tarbia yenye mizani kumi na sita. Kama wananchi wangeupenda ushairi huru, iliulizwa, mbona hawakuutunga?

Hoja hii ina ufa. Ukurasa wa mashairi ulikuwa ukurasa wa arudhi. Kigezo cha kwanza cha kupitishwa kilikuwa mizani na vina, na watunzi walikijua. Kutoka katika ukurasa wa namna hiyo, haiwezekani kukata kauli kuhusu yale ambayo watu hawakuyatunga. Mtu anayetazama unga uliopita kwenye chekeche hawezi kusema kuwa mahindi hayana pumba. Pengine hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kutuma shairi huru. Pengine walituma wengi. Majalada ya gazeti hayawezi kuamua, kwa sababu swali hilo lilikwisha kujibiwa mezani kabla halijaulizwa.

Ni vyema kuona kuwa ufa huo huo unawakabili wanamabadiliko. Baadhi yao wamedai kuwa wingi wa tarbia katika magazeti unathibitisha uchovu wa mapokeo, kwa kuwa mashairi mengi yanafanana kwa sauti na kwa mawazo. Lakini kufanana huko nako kunaweza kuwa alama ya chekeche. Mhariri aliye na nafasi ya mashairi machache, na barua nyingi za kusoma, huvutiwa na lile lisilomtatiza: lililo fupi, lenye vina vya kawaida na mafunzo yanayoeleweka upesi. Utenzi wenye majaribio ya bahari, au ukawafi uliovunja urari kwa makusudi, ungeweza kuonekana kuwa na makosa. Hivyo mapokeo yaliyohukumiwa na wanamabadiliko ni mapokeo yaliyokwisha kupunguzwa.

Ushahidi kutoka nje ya ukurasa

Je, hii ina maana kuwa arudhi iliendelea kuishi kwa sababu tu ya wahariri? Jibu haliwezi kuwa ndiyo, na mfano mmoja unatosha kulithibitisha. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Akiwa gerezani, alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na mashairi hayo yakachapishwa mwaka wa 1973 kama Sauti ya Dhiki. Wakati wa kutunga hakukuwa na mhariri wa kubembelezwa. Hakukuwa hata na hakika ya msomaji. Pamoja na hayo, mashairi hayo yanazingatia vina na mizani kwa ukamilifu, na yametungwa kwa Kimvita cha mtunzi wake bila ya kuipigia magoti lugha sanifu. Hapa arudhi haikutokana na hofu ya meza yoyote. Ilikuwa ndiyo pumzi ya mtunzi.

Mfano huu unazuia hitimisho la haraka, lakini hauuondoi ufa uliotajwa. Kinyume chake, unaonyesha aina ya ushahidi unaohitajika. Uimara wa mapokeo unathibitishwa na shairi lililotungwa pale ambapo mlango haukuwapo kuliko na mashairi mia yaliyopita mlangoni.

Mfano wa pili ni wa kale zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, katika kipindi cha uhasama baina ya miji hiyo. Mashairi hayo yalikuwa makali na mengine yalikuwa ya matusi ya wazi. Hakuna aliyeyapitisha kabla hayajasemwa. Hukumu ilifuata baadaye: adui alijibu, wasikilizaji walicheka au walinuna, na beti zilizopendwa zilihifadhiwa vifuani mwa watu. Ni kweli kuwa mashairi ya Muyaka nayo yalipitia mikono mingine kabla ya kuwa kitabu. Yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani ilihaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka wa 1940. Hata hivyo, mlango huo ulikuja baada ya hadhira kwisha kuchagua. Kuna tofauti kubwa kati ya shairi lililosahauliwa kwa sababu hakuna aliyelipenda na shairi ambalo hakuna aliyepewa nafasi ya kulisikia.

Alama za mkono wa mhariri

Kwa kuwa barua zilizokataliwa hazipatikani kwa urahisi, mhakiki hana budi kuyasoma matini yaliyochapishwa kwa jicho la mchunguzi. Bahati njema ni kwamba arudhi yenyewe, iliyotumiwa kama kipimo cha kupitisha, inaweza kugeuzwa iwe kipimo cha kumfichua mpitishaji.

Chukua mfano wa lahaja. Iwapo katika ubeti vina vya mwisho ni -to, kama katika moto, kito na mto, na mshororo mmoja unaishia kwa neno macho, kosa hilo linaweza kuwa la mtunzi. Lakini umbo la Kimvita la neno hilo ni mato, nalo lingekamilisha kina bila taabu. Vivyo hivyo, neno moja lililokaa kati ya mbaya na haya linamwita mwenziwe moya. Upande wa mizani, umbo akenda lina silabi tatu ilhali akaenda lina nne. Mshororo uliozidi mizani moja mahali penye kitenzi cha namna hii unamfanya mhakiki ashuku kuwa kuna aliyesanifisha. Kosa moja la aina hii halithibitishi lolote, kwa maana huenda ni la mpanga chapa, au mtunzi mwenyewe alichanganya lahaja. Lakini makosa yakiwa mengi, na yote yakirekebishika kwa kurudisha umbo la lahaja, basi kuna kanuni iliyokuwa ikifuatwa mezani.

Njia ya pili ni kulinganisha. Diwani nyingi za Kiswahili zimekusanya mashairi yaliyowahi kutoka magazetini. Pale ambapo shairi moja lina matoleo mawili, beti zilizoongezeka au kubadilika katika diwani ni mahali pa kuanzia. Njia ya tatu ni kuyasoma kwa makini mashairi yanayomlalamikia mhariri. Shairi linalouliza mbona lililotangulia halikutoka lina thamani ya pekee, kwani ni mojawapo ya nyaraka chache ambamo kukataliwa kumeandikwa. Njia ya nne, iliyo ngumu na yenye faida kubwa kuliko zote, ni kuyafuata madaftari ya watunzi wenyewe majumbani mwao kabla mchwa hawajayamaliza.

Utetezi wa mhariri

Haingekuwa haki kumchora mhariri kama adui wa sanaa. Kurasa hizi zilikuwa darasa. Mtunzi aliyetoka bara, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, alijifunza kazi kwa kuyaona mashairi yaliyonyooka yakichapishwa mbele yake kila wiki. Bila ya uteuzi, darasa hilo lisingekuwako. Vilevile malumbano huvuka mpaka kwa urahisi, na mhariri aliyezuia tusi dhidi ya mtu asiye na namna ya kujibu alifanya jambo la heshima.

Kuna pia suala la sheria. Nchini Kenya, vifungu vya uchochezi katika Kanuni ya Adhabu vilidumu hadi vilipofutwa mwaka wa 1997. Katika mazingira hayo, kupitisha fumbo lililoeleweka vibaya na wakubwa kungeweza kumponza mhariri pamoja na mtunzi. Mhariri alikuwa mlinda mlango ambaye naye alikuwa akilindwa.

Utetezi huu una nguvu, lakini unahusu haki ya kuchagua. Hauhusu ukimya unaoufuata uchaguzi. Malenga wa Lamu aliyelikataa shairi la Muyaka alilazimika kulijibu kwa shairi, na jibu lake nalo likapimwa. Kamati ya Lugha iliweka muhuri wake. Hata mkuu wa wilaya aliyefuta leseni alitia sahihi. Mhariri pekee ndiye aliyeweza kukataa bila ya kusema, na kwa hivyo ndiye pekee ambaye vigezo vyake havikuwahi kuhojiwa na wale waliohukumiwa navyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa ukurasa wa mashairi gazetini si kioo cha ushairi wa umma. Ni zao la makubaliano, mengi yake yasiyotamkwa, kati ya mtunzi anayeomba na mhariri anayetoa. Makubaliano hayo yamebadilisha ufunguzi wa shairi, yamepunguza lahaja, na yameipa tarbia wingi ambao wanamapokeo wameutumia kama ushindi na wanamabadiliko kama shtaka, ilhali hakuna upande uliouliza wingi huo ulitoka wapi.

Kwa mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kutumia majalada ya gazeti, matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji. Hana budi kueleza katika sura yake ya mbinu ni nani aliyekuwa akipitisha mashairi katika kipindi anachokichunguza, kwa vigezo gani, na katika nafasi ya ukubwa gani. Pale asipoweza kujua, anapaswa kuyapunguza madai yake: aseme kuwa haya ndiyo mashairi yaliyochapishwa, na asiseme kuwa haya ndiyo mashairi yaliyotungwa. Kwa wahariri walioko kazini, ombi ni dogo zaidi. Mistari miwili chini ya ukurasa, ikieleza ni mashairi mangapi yaliyopokelewa na ni kwa sababu gani mengine hayakutoka, ingemfaa mtunzi wa leo na mhakiki wa kesho. Hadi hapo, yale mabeti ya ufunguzi yanayomwomba mhariri nafasi yataendelea kuwa kumbukumbu iliyo karibu zaidi na mlango huo, na yanafaa kusomwa kwa makini kama yanavyosomwa maudhui yanayoyafuata.